Mlima mmoja, nchi tano: Koltani na bati vilipikwaje?

MCHIMBAJI wa Gatumba, magharibi mwa Rwanda, huingia kijitoni na karai. Huchota mchanga, huuzungusha majini taratibu, na kila mzunguko maji huondoka na kitu: kwanza udongo, kisha vipande vya ulanga vinavyometameta, kisha mchanga mweupe. Mwishoni hubaki ungaunga mweusi, mzito. Hiyo ndiyo koltani.

Kazi hiyohiyo, kwa mikono ileile, hufanyika Kabarore nchini Burundi na Rubaya katika wilaya ya Masisi, mashariki mwa Kongo. Kikagati, kusini magharibi mwa Uganda, na Kyerwa, mkoani Kagera nchini Tanzania, jiwe linalotafutwa ni la bati. Wachimbaji hawa wana bendera tano na sarafu tano. Wanajiolojia huwaona kama watu wanaochimba mlima mmoja.

Wamelipa eneo hilo jina la ukanda wa Karagwe-Ankole. Zamani lilihesabiwa pamoja na ukanda wa Kibara, ulioitwa hivyo kwa jina la milima ya Katanga, na hadi leo wengi hulitaja kwa jina hilo. Historia yake yaanzia majini.

Miaka milioni 1,400 hivi iliyopita, hapa palikuwa na bonde kubwa lililofunikwa na maji. Mito ilishusha mchanga na matope, tabaka juu ya tabaka, mpaka uzito wa tabaka za juu ukazigandamiza za chini zikawa jiwe. Miamba ya namna hiyo huitwa miamba ya mashapo. Baadaye ardhi ilijikunja, tabaka zile zikasukumwa chini kwenye joto na mkandamizo, zikabadilika bila kuyeyuka. Mchanga uligeuka jiwe gumu sana la rangi ya kijivu au nyeupe. Matope yaligeuka shisti, jiwe linalobanduka vipande vipande kama magamba.

Msafiri anayepanda na kushuka barabara za Rwanda au Burundi anaiona habari hiyo bila kuambiwa. Migongo mirefu ya milima mara nyingi ni ule mchanga wa kale uliokataa kulika kwa mvua. Mabonde yaliyolimwa viazi na mtama yamechongwa katika shisti laini.

Lakini mchanga na matope peke yake havileti koltani. Ilibidi moto uingie.

Wakazi wa Goma wanaujua moto wa ardhini kuliko watu wengi duniani. Mwaka 2002, na tena 2021, volkano ya Nyiragongo ilimwaga uji wa mawe hadi kwenye makazi ya watu, na leo kuta nyingi za mji huo zimejengwa kwa mawe yake meusi. Jiwe hilo ukilitazama kwa karibu huoni chembe, kwa sababu lilipoa haraka mno juu ya ardhi. Chembe hazikupata muda wa kukua.

Katika ukanda wa Karagwe-Ankole, uji wa mawe haukufika juu. Ulibaki kilomita kadhaa chini, ukapoa polepole mno, na kuwa graniti, jiwe la madoadoa ambalo chembe zake huonekana kwa macho. Graniti iliyoleta bati na koltani inakadiriwa kuwa na umri unaokaribia miaka milioni 1,000. Kwa hiyo mawe ya Goma na ya Rubaya, yasiyopishana hata kilomita 100, ni kama mtoto mchanga na babu wa mababu.

Uji ule ulipoganda, madini ya kawaida yalitangulia kujijenga, na kila dini lilichagua elementi za kulitosha. Tantali, niobi, bati, wolframu na lithi hazikutoshea. Zilikuwa kama wageni waliofika arusini viti vimekwisha. Zikabaki kwenye mchuzi wa mwisho, pamoja na maji mengi yenye joto kali, na mchuzi huo ukapenya kila ufa uliokuwa juu ya graniti.

Karibu na graniti, uliganda ukawa pegmatiti, mwamba wenye chembe kubwa ajabu: ulanga wa ukubwa wa kiganja, feldispa nyeupe, na katikati yake koltani. Mbali kidogo, maji ya moto yaliacha mishipa ya kwatsi, lile jiwe jeupe kama barafu, yenye bati au wolframu. Ndiyo maana mchimbaji mzoefu akiona mshipa mweupe umekatiza shisti husimama. Hajasoma jiolojia, lakini anasoma.

Kisha mvua ikaingia kazini. Katika hali ya hewa ya joto na unyevu, feldispa ya pegmatiti huoza na kuwa udongo laini mweupe, huku koltani ikibaki vilevile. Hiyo ni neema, kwa kuwa mtu mwenye sururu na sepetu anaweza kuchimba mwamba ambao kwingine ungehitaji baruti. Ni hatari pia. Udongo huo ukilowa haujishikilii, na shimo lililochimbwa bila nguzo hufunga mdomo na watu ndani. Rubaya imezika wachimbaji zaidi ya mara moja kwa namna hiyo, na msimu wa mvua ndio mbaya zaidi.

Anayetoka salama bado ana mtihani wa mnunuzi. Koltani ni jina la biashara la mchanganyiko wa niobi na tantali. Tantali ndiyo inayotafutwa na viwanda vya simu na kompyuta, na bei hufuata asilimia yake. Mawe mawili yanaweza kufanana kwa weusi, moja likawa na tantali nyingi na jingine niobi tupu. Mnunuzi mkubwa ana mashine ya kupima kwa miale. Mchimbaji ana macho tu, na hapo ndipo anaponyolewa.

Hata hivyo, jiwe lenyewe hutoa siri kwa mizani ya kawaida. Kadiri tantali inavyozidi, ndivyo koltani inavyokuwa nzito: kutoka mara 5 hivi ya uzito wa maji ya ujazo uleule, hadi mara 8. Kipande safi chenye gramu 160 kikitundikwa kwa uzi ndani ya maji na mizani ikasoma 140, tofauti ni 20. Gawa 160 kwa 20, unapata 8. Ikisoma 128, jibu ni 5, na hiyo ni niobi.

Jiwe la bati, lenye uzito wa karibu mara 7, laweza kumchanganya mtu. Lisugue nyuma ya kigae kisichong'arishwa: bati huacha alama hafifu, karibu nyeupe, koltani huacha alama ya kahawia nzito au nyeusi.

Tangu Marekani ipitishe sheria mwaka 2010 ya kuzitaka kampuni zieleze kama bati, tantali, wolframu na dhahabu zao zinatoka Kongo au kwa majirani zake, magunia ya madini ya eneo hili yamekuwa yakifungwa lebo ili yasichanganyike na yanayofadhili vita. Lebo huhamishika usiku mmoja. Chembe haihamishiki: ndani ya koltani mna urani kidogo ambayo hugeuka risasi kwa mwendo unaojulikana, pamoja na elementi nyingine zilizoachwa na mchuzi ule wa kale. Taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, BGR, imebuni njia ya kuzisoma kama alama za vidole na kuzilinganisha na sampuli za migodi inayojulikana.

Njia hiyo hufanya kazi vizuri pale migodi inapotofautiana. Mashimo mawili yaliyo pande mbili za mpaka lakini yametokana na graniti moja ni kazi ngumu zaidi kuyatenganisha.