Simu kuukuu inavyoweza kukuchungia ziwa Lowarengak

Una simu kuukuu kwenye droo. Kioo kimepasuka, lakini kamera bado iko sawa. Usiiuze kwa bei ya kutupa.

Tuseme una mjomba mwenye mashua Lowarengak, nawe uko Lodwar unangoja samaki. Unapiga simu, hashiki. Unapiga tena, mteja hapatikani. Picha moja tu ya ufuo, inayojituma yenyewe kila dakika 10, ingekupunguzia hiyo presha.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1991, watafiti wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichoka kutembea hadi kwenye birika la kahawa na kulikuta tupu. Wakalielekezea kamera. Picha ilikuwa ndogo ajabu, nukta 128 kwa 128, bila rangi. Mwaka 1993 ikaingia kwenye wavuti na watu duniani kote wakawa wanachungulia kahawa ambayo hata hawangeinywa, hadi kamera ilipozimwa Agosti 2001.

Kule Lowarengak, kinachochunguliwa ni kizito kuliko kahawa. Upepo wa kusini-mashariki hulivuruga Ziwa Turkana vibaya, na wavuvi wamezama humo. Maji nayo yamepanda miaka ya karibuni na kufukuza watu ufuoni.

Sasa kazi. Wengi hukosea kwa kutaka kuingia kwenye kamera wakiwa mbali. Ukitumia laini ya simu, mara nyingi utagonga mwamba: kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwa hivyo ukibisha hodi kutoka nje hakuna anayejua mlango wako ni upi. Geuza mambo. Acha kamera ndiyo itume picha kwenye tovuti.

Programu nyingi za kamera zina sehemu ya kutuma kwa FTP. Utaulizwa anwani ya seva, jina la mtumiaji, nywila, folda, na muda kati ya picha moja na nyingine. Ukiona SFTP au FTPS, chagua hiyo, maana FTP ya kawaida husafirisha nywila peupe. Na tafadhali usiipe kamera nywila yako kuu ya tovuti. Ifungulie akaunti yake, inayofika kwenye folda moja pekee. Mtu akiiba simu pale ufuoni, asiondoke na tovuti nzima. Ikikataa kutuma na kila kitu kiko sawa, jaribu kuwasha hali ya pasivu. Mara nyingi ndiyo dawa.

Kuhusu bando, piga hesabu mapema. Picha ya KB 60 kila dakika 10 ni picha 144 kwa siku, yaani karibu MB 9, na kama MB 260 kwa mwezi. Ukitamani kila dakika moja, zidisha mara kumi. Chapaa zako zitaenda na upepo.

Hapa ndipo nataka uwe makini zaidi. Ukiipa kila picha jina lilelile, tuseme ziwa.jpg, mpya hufuta ya zamani na ukurasa wako hauhitaji kubadilishwa. Safi. Lakini mtandao ukikatika saa kumi na mbili asubuhi ziwa likiwa shwari, saa tatu tovuti bado itaonyesha maji shwari. Mtu atatazama, atampigia ndugu yake amwambie aingie majini. Picha iliyokwama inaweza kuua. Kwa hivyo weka saa na tarehe ndani ya picha yenyewe, na uandike msimbo mfupi unaoficha picha ikipitisha nusu saa na kuandika kwa herufi kubwa: HAKUNA PICHA MPYA. Hakikisha pia saa ya simu inajirekebisha kwa mtandao, la sivyo betri ikiisha inaweza kuamka na tarehe ya ajabu.

Kivinjari nacho kina ujanja wake: huhifadhi picha ya jana ili kuokoa data. Ongeza alama ya kuuliza na namba inayobadilika baada ya jina la faili, kitalazimika kuchukua mpya.

Paneli ndogo ya sola itabeba mzigo, ila jua la Turkana si mchezo. Weka simu kivulini, paneli ndiyo iote jua, na kioo cha kamera kifutwe vumbi mara kwa mara.

Halafu elekeza kamera majini. Watoto na akina mama huoga na kufua ufuoni, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikupi ruhusa ya kuwaanika. Ongea na wazee na wavuvi kabla ya kupigilia hata msumari mmoja.

Ukimaliza, zima simu kwa dakika 40, kisha fungua tovuti uone itakuambia nini.