Filamu Moja, Matini Mbili: Lugha na Tofauti za Maoni ya Watazamaji wa Filamu ya Ujasusi

1.0 Utangulizi

Watazamaji wa filamu moja hutofautiana katika kuitathmini, na tofauti hizo aghalabu huelezwa kwa vigezo vya umri, elimu au jinsia. Makala haya yanapendekeza kwamba, kwa filamu za ujasusi zinazotazamwa vijijini Tanzania, kigezo cha kwanza kiwe lugha: ni nani aliyempa mtazamaji maneno, na alimpa wakati gani. Mfano tutakaoutumia ni Casino Royale (2006), filamu ya James Bond iliyoongozwa na Martin Campbell kutokana na riwaya ya Ian Fleming ya mwaka 1953. Mazingira tutakayoyazingatia ni ya Lupaso, wilayani Masasi, kijiji alichozaliwa na kuzikwa Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin Mkapa.

2.0 Msimulizi na Hadhira Yake

Masasi na Newala ni eneo la lugha nyingi. Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kimwera huweza kusikika katika soko moja, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wasemaji wake. Kiingereza ni lugha ya darasani katika shule za sekondari. Kiingereza cha haraka cha waigizaji ni jambo jingine kabisa. Ndiyo maana katika vibanda vya video, maarufu kama vibandaumiza, filamu zilizotiwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili zilipata hadhira kubwa. Miongoni mwa wasimulizi wanaofahamika sana ni Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Mwanaanthropolojia Matthias Krings ameijadili sanaa hiyo katika kitabu chake African Appropriations (2015).

Desturi ya kuifafanulia hadhira picha kwa sauti ya pembeni si ngeni nchini. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao yake Vugiri, Usambara, ulionyesha filamu zilizoambatana na maelezo ya lugha za Kiafrika yaliyorekodiwa kwenye santuri. Lakini maelezo yale yalitoka kwa watengenezaji wa filamu ili kuielekeza hadhira. Msimulizi wa kibandani ni mtu wa hadhira yenyewe: hucheka nayo, huuliza kwa niaba yake, na humkemea mhusika anayeikasirisha.

3.0 Maoni Yanayokinzana

Filamu ya ujasusi ina nguzo mbili: tendo na siri. Tendo huonekana, siri hukaa katika maneno. Kutokana na hali hiyo, maoni ya watazamaji wa Casino Royale yanaweza kupangwa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la waliotazama nakala ya Kiingereza bila kuielewa lugha. Hawa huweza kuusifu mwanzo, ambapo Bond anamkimbiza mtengeneza mabomu hadi juu ya winchi huko Madagaska, na kulalamika kwamba filamu inapoa mara watu wanapoketi kucheza karata. Kundi la pili ni la waliosimuliwa; kwao mchezo wa karata huweza kuwa kiini cha hadithi. Kundi la tatu ni la wanaojua Kiingereza, ambao humlaumu msimulizi kwa kuongeza yasiyokuwemo. Hakuna kundi lililokosa akili. Kila moja linaihukumu matini iliyolifikia.

4.0 Uchambuzi

4.1 Karata

Mchezo unaochezwa katika filamu ni poka, ambao si maarufu vijijini. Hata hivyo, Kiswahili hakimwachi msimulizi mikono mitupu. Shupaza, kopa, uru na pau ni majina ya karata tuliyoyarithi kutoka Kireno, na wacheza karata wanayafahamu. Kwa kuyatumia, msimulizi huigeuza meza ya kigeni kuwa mkeka wa barazani. Kanuni za poka hupotea. Lakini mashaka ya mchezaji anayeficha alichoshika hubaki, nayo ndiyo yanayobeba tukio.

4.2 Neno la siri

Katika simu ya mtengeneza mabomu linaonekana neno ELLIPSIS, ambalo baadaye linafungua mlango katika uwanja wa ndege wa Miami. Wanaisimu watalitambua: ni istilahi ya udondoshaji. Asiyesoma Kiingereza huona herufi tu, na msimulizi asipozitamka, kiungo kati ya matukio mawili hukatika. Mtazamaji huyo akisema filamu "inarukaruka", anaeleza kwa usahihi kile alichokiona.

4.3 Msaliti asiye na jinsia

Mfano mzito zaidi ni wa kisarufi. Kiambishi a- cha Kiswahili hakibainishi mume wala mke. Katika filamu, shutuma za usaliti humwangukia kwanza Mathis, mwanamume. Baadaye hudhihirika kwamba Vesper, mpenzi wa Bond, ndiye aliyezitoa fedha kwa adui. Msimulizi anaweza kusema "aliyetuuza yumo humu ndani" na siri ikahifadhika bila kujilazimisha. Lakini kwa kuwa ameshaitazama filamu, anaweza pia kudokeza mapema kwamba mwanamke huyo si wa kuaminiwa. Hapo hukumu juu ya steringi hubadilika. Asiyedokezwa humwona Bond kuwa mtu aliyedhulumiwa; aliyedokezwa humwona kuwa mjinga anayetembea kuelekea shimoni. Wawili hao wakibishana njiani, hawabishani juu ya ladha. Mmoja alipewa habari mapema, mwingine alicheleweshewa.

5.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba tofauti za maoni zinaweza kutokana na tofauti za matini. Hoja hii haihalalishi kila anachoongeza msimulizi, wala haigusi swali la haki za mwenye filamu, ambalo ni la kisheria. Inahusu jinsi tunavyowasikiliza watu. Mtafiti anayekusanya maoni ya watazamaji bila kurekodi ni nakala ipi waliyoitazama, nani aliisimulia na alidokeza nini, ana hatari ya kuandika "uelewa mdogo" mahali palipokuwa na uelewa kamili wa matini nyingine. Wanafunzi wetu wa uzamili wanaokwenda Lupaso, Masasi au Newala wanashauriwa waanze kwa kunukuu maneno ya msimulizi, kama tunavyonukuu maneno ya fanani wa ngano, ndipo wawaulize watazamaji kama filamu ilikuwa nzuri.