CD Ikikokota, Usikimbilie Dukani

Bila shaka unayo nyumbani CD au DVD ya arusi, ya mazishi ya babu au ya kwaya ya kanisa. Unaitia ndani ya kompyuta, inanguruma, taa inamemeta, na dakika tano zapita kabla ya picha kuonekana. Je, kifaa kimekufa? Ngoja kwanza. Huenda hakihitaji hata senti yako.

Jaribu diski nyingine. Ikifunguka upesi, ujue ugonjwa uko kwenye ile ya kwanza. Kompyuta ikikuta mkwaruzo au alama za vidole, hurudia kusoma mahali pale na kupunguza mwendo. Pangusa diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni. Usipanguse kwa kuzungusha, kwa maana mkwaruzo unaofuata mzunguko ndio mbaya zaidi.

Je, zote zinakokota? Basi shuku lenzi. Wakazi wa Kitui wanalijua vumbi la kiangazi, kabla ya mvua ya Oktoba: huingia hata kabatini. Lenzi yenyewe haizidi punje ya hindi, na vumbi kidogo tu huzuia mwale wa leza. Tumia CD ya kusafishia, ile yenye vibrashi. Usipulize kwa mdomo, utaitia mate.

Kama kompyuta yako ni ya zamani na ingali inatumia Windows XP, kuna mtego mwingine. Baada ya makosa sita ya usomaji, programu hiyo huacha njia ya kasi iitwayo DMA na kushika ya polepole, PIO. Hairudi yenyewe, hata ukisafisha lenzi. Fungua Device Manager, ondoa laini ya IDE inayobeba kifaa hicho, kisha uzime na kuwasha kompyuta. Itajipanga upya.

Lakini kumbuka jambo moja kubwa. Diski zilizorekodiwa na fundi wa video huhifadhi picha katika rangi ambayo jua na joto huiharibu. Kukokota kwaweza kuwa onyo la mwisho. Kompyuta nyingi za siku hizi hazina hata mahali pa kutia CD, ingawa kifaa cha nje cha USB chaweza kukusaidia. Inaposomeka, hata kama ni polepole, nakili yote mahali pawili. Kifaa kipya kitapatikana dukani. Sauti ya babu haiuzwi.