Maji Yasiyochemka na Mirija Inayoungua

Kila kimiminika kina nukta ya kikomo, yaani kiwango cha halijoto na shinikizo ambacho kikishavukwa, mpaka kati ya kimiminika na mvuke hutoweka. Kinachobaki huitwa giligili iliyovuka kikomo, ambayo hujaza chombo chote kama gesi ilhali densiti yake, yaani masi iliyomo katika kila mita ya ujazo, inaweza kukaribia ile ya kimiminika. Kwa maji nukta hiyo iko kwenye nyuzi 374 za Selsiasi na megapaskali 22.1, shinikizo linalozidi mara 200 lile la angahewa katika usawa wa bahari. Kwa kabonidayoksaidi, ambayo wengi huiita hewa ukaa, ni nyuzi 31 na megapaskali 7.4 tu. Mfaransa Charles Cagniard de la Tour aliigundua hali hii mwaka 1822 kwa kutumia masikio: alifungia kimiminika pamoja na tufe gumu ndani ya mtutu wa bunduki, akaupasha moto, na kila alipoutikisa akasikiliza mpaka mlio wa tufe kukipiga kimiminika ukakoma.

Kwa wahandisi wa umeme faida yake ilionekana wazi, kwa kuwa mvuke wenye joto na shinikizo kubwa zaidi hutoa kazi nyingi zaidi kwa kila tani ya makaa, na kwa kuwa maji yaliyovuka kikomo hayachemki, boila halihitaji tangi la kutenganisha mvuke na maji. Kitengo cha sita cha kituo cha Philo, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, kilianza kazi mwaka 1957 kwa megapaskali 31 na nyuzi 621.

Hata hivyo, kusema kwamba maji hayo hayachemki ni kweli nusu. Kwenye megapaskali 25, maji yanapopashwa kutoka nyuzi 350 hadi 400, densiti yake huporomoka kutoka takriban kilo 625 hadi kilo 166 kwa mita ya ujazo, bila povu hata moja kutokea. Katikati ya safari hiyo, karibu na nyuzi 385, joto mahususi, yaani kiasi cha joto kinachohitajika kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja, hupaa hadi zaidi ya mara 15 ya lile la maji ya bombani, kisha hushuka upesi. Wataalamu huiita hali hii uchemkaji bandia: maji humeza joto jingi na kutanuka mno, kama yanavyofanya yanapogeuka mvuke, ila badiliko hilo hutapakaa katika nyuzi kadhaa badala ya kutukia kwenye nyuzi moja.

Hapo ndipo hatari inapojificha, na ndipo ilipo ajabu kubwa kuliko zote za giligili hizi. Maji yanapopanda ndani ya mrija wima unaopashwa joto kali, tabaka linalogusa ukuta hufika kwanza kwenye uchemkaji bandia, hupungua uzito na kukimbilia juu, hata mwendo wake ukalingana na ule wa maji ya katikati. Tofauti ya mwendo ikifutika, misukosuko midogo inayochanganya maji na kubeba joto hufifia, kwa hiyo joto hubaki ukutani na chuma hupanda halijoto ghafla hadi kuweza kupasuka. Maji yale yale yakishushwa badala ya kupandishwa, misukosuko huongezeka na ukuta hupoa. Ndiyo sababu baadhi ya maboila hutumia mirija yenye mifuo ya mzunguko kwa ndani, ili maji yalazimike kuzunguka na kuusugua ukuta.

Kwa kabonidayoksaidi mporomoko huo huo umegeuzwa kuwa mtaji, katika mitambo ya umeme ambamo huzungushwa kati ya kompresa na turbini badala ya mvuke. Kwenye megapaskali 8, densiti yake hushuka kutoka karibu kilo 700 kwa mita ya ujazo kwenye nyuzi 30 hadi karibu 280 kwenye nyuzi 40. Hivyo kompresa inayoivuta upande wa baridi wa mzunguko huo hushindilia kitu kinachokaribia kimiminika na hula sehemu ndogo tu ya nguvu ya turbini. Katika kituo cha majaribio cha megawati 10 kilichojengwa San Antonio, Texas, turbini yenyewe ina ukubwa wa meza ya ofisi. Udhaifu wake ni kwamba kosa la nyuzi chache mlangoni mwa kompresa hubadilisha ujazo wa gesi kiasi cha kuvuruga mtiririko mzima.

Udhaifu huo ungeuma zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako joto la mchana jijini Mombasa au Dar es Salaam hupita nyuzi 31 mara nyingi, na kipozaji kinachotegemea hewa hakiwezi kuishusha kabonidayoksaidi chini ya joto la hewa yenyewe. Mbunifu anaweza kuongeza shinikizo la kuingilia hadi megapaskali 9, ambako uchemkaji bandia husogea hadi karibu na nyuzi 40. Lakini kadiri shinikizo linavyopanda, mporomoko wa densiti huwa wa taratibu zaidi, na nafuu ya kompresa hupungua.