Mmea Mkavu Huazimwa, Haukopwi: Maelezo kwa Familia na Watafiti wa Sydney

Familia zetu za Seven Hills na mitaa ya jirani, magharibi ya Sydney, zimekuwa zikituuliza swali moja kwa njia nyingi. Kuna majani na maua yaliyokusanywa Unguja, Bagamoyo au Usambara miaka mia na zaidi iliyopita, yakakaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Leo yamo ndani ya makabati ya Paris, London na Nairobi. Je, yanaweza kuletwa huku tuyaone? Yanaweza, lakini hayaletwi kwa mtu binafsi, wala si kila karatasi huruhusiwa kusafiri.

Kiswahili chetu kinatofautisha kukopa na kuazima. Aliyekopa kilo ya mchele hulipa kilo nyingine. Aliyeazima sufuria hurudisha sufuria ileile. Karatasi ya hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, ni ya kuazimwa. Hakuna nyingine itakayoshika nafasi yake, kwa kuwa juu yake pameandikwa nani alichuma, wapi, lini, na pengine wenyeji waliuitaje mmea ule.

Kwa mwanahistoria hili si jambo dogo. Padri Charles Sacleux anajulikana na wengi wetu kwa kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotolewa Paris mwaka 1939. Wachache wanakumbuka kwamba katika miaka yake ya Zanzibar na Bagamoyo alikusanya pia mimea, na kwamba mimea hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya viumbe ya Paris. Majina ya miti yaliyomo katika kamusi ile yana uzito kwa sababu mtungaji aliijua miti yenyewe. Anayebishana juu ya jina anayo karatasi ya kwenda kuitazama.

Utaratibu wenyewe ni huu. Hebaria huiazima hebaria. Mtafiti humwomba msimamizi wa hebaria iliyo karibu naye, na msimamizi huyo ndiye anayemwandikia mwenzake wa ng'ambo, akieleza karatasi zipi zinahitajika, kwa kazi gani na kwa muda gani. Zikikubaliwa, huhesabiwa moja moja, hupigwa picha na kufungwa na orodha yake. Zikifika hugandishwa kwa siku kadhaa ili wadudu wafe. Mtafiti huzisoma ndani ya jengo, hatoki nazo. Haandiki juu ya lebo ya zamani. Akiona jina limekosewa, hubandika kijikaratasi chake pembeni chenye jina lake na tarehe, na lile la kwanza hubaki lilivyo. Kukata hata kipande cha jani kwa ajili ya kupima vinasaba kunahitaji ruhusa ya mwenye mali. Mishubiri na okidi zina masharti ya ziada ya mkataba wa CITES, hata zikiwa kavu.

Masharti haya huwachosha watu, nasi tumeyasikia malalamiko. Lakini tazameni yaliyotokea hapahapa Australia. Mwaka 2016 kuvu-mwani zilizokaushwa, zilizotumwa na hebaria ya Allan ya New Zealand kwenda Canberra, ziliteketezwa na maofisa wa karantini mjini Sydney. Mwaka uliofuata karatasi 105 kutoka Paris, nyingi za karne ya 19, zilichomwa moto Brisbane zikiwa njiani kwenda hebaria ya Queensland. Baadhi zilikuwa sampuli za jina, yaani mmea uleule ambao juu yake jina la kisayansi lilisimamishwa mara ya kwanza. Hakuna aliyekusudia uovu. Hati za mzigo hazikukamilika, thamani iliandikwa kuwa dola 2, na barua za kuulizia zilipelekwa kwenye anwani isiyo sahihi. New Zealand ilisimamisha kuiazima Australia. Hivyo mkaazi wa Sydney anayeomba karatasi leo anaomba mbele ya watu wanaoikumbuka hasara ile.

Kwa nini basi wasifunge milango kabisa? Kwa sababu kufunga nako kuna hasara yake. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliiangukia hebaria ya Berlin, na sehemu kubwa ya mimea iliyokusanywa Tanganyika wakati wa Wajerumani ikaungua. Zilizokuwa zimeazimwa kwingine zilisalimika. Zilisalimika pia sampuli pacha, yaani matawi ya mmea uleule yaliyogawiwa hebaria nyingine. Amani, Usambara, palipoanzishwa taasisi ya utafiti mwaka 1902, palikuwa na hazina kama hiyo, na mwaka 1950 hebaria ya huko ilihamishiwa Nairobi. Kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, kilichotolewa sehemu kwa sehemu toka 1952 hadi 2012 na kueleza zaidi ya aina 12,000, kisingewezekana bila karatasi kusafiri baina ya Nairobi, Kew na kwingineko.

Kwa aliyeko Seven Hills, twashauri aanze na picha. Paris imeweka mamilioni ya karatasi zake kwenye intaneti, na sampuli za jina siku hizi huonyeshwa zaidi kwa picha kuliko kusafirishwa. Mara nyingi picha inatosha kusoma mwandiko. Isipotosha, mlango ni hebaria ya New South Wales, ambayo toka 2022 imo katika jengo jipya Mount Annan, kusini-magharibi ya jiji, ikiwa na zaidi ya sampuli milioni 1.4. Huko huendwa kwa miadi, na ombi lenye mtafiti anayejulikana nyuma yake husikilizwa kwa urahisi zaidi.

Nao walio na majani ya babu ndani ya vitabu au masanduku, tunawaomba wasiyatume popote kwa posta ya kawaida. Yapigeni picha pamoja na maandishi yake, yawe ya herufi za Kiarabu au za Kirumi, na msibandue chochote. Andikeni kando jina la aliyechuma na mahali, kama mzee wa kuwaambia bado yupo, kisha zungumzeni na msimamizi wa hebaria kabla ya kufunga bahasha.