Riwaya za Kibiblia Katika Mjadala wa Mtandaoni

Riwaya nyingi zilizotokana na Biblia zimezaliwa pale Maandiko yaliponyamaza. Injili zote 4 zinamtaja Baraba, lakini hakuna inayosema alielekea wapi baada ya kufunguliwa. Pengo hilo ndilo Pär Lagerkvist wa Sweden alilolijaza katika Barabbas ya mwaka 1950, na mwaka uliofuata akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Dina binti Yakobo naye ana kisa chake katika Mwanzo sura ya 34. Mistari ni 31, wala hasemi neno hata moja. Mmarekani Anita Diamant alimfanya msimulizi wa The Red Tent, riwaya ya mwaka 1997 iliyopata umaarufu hasa kwa kupokezanwa na vikundi vya wasomaji. Kikundi kinachoanza kujadili fasihi ya aina hii mtandaoni kinaweza kujifunza mengi kwayo.

Mratibu huanza kwa kukigawa kitabu. The Red Tent ina sehemu 3: visa vya mama zake Dina, maisha ya Dina mwenyewe, kisha Misri. Kila sehemu inatosha kikao kimoja, na wiki 2 au 3 katikati humpa nafasi hata mwenye kazi nyingi. Ila kabla ya kuifungua riwaya, wote wasome Mwanzo sura ya 29 hadi ya 35. Hatua hii hurukwa kirahisi, ilhali mjadala wote unaitegemea. Asiyeipitia anaweza kudhani kwamba hema jekundu, wanamokaa wanawake siku zao za hedhi, limo katika Mwanzo. Halimo. Tena, Mwanzo inasema Shekemu alimwingilia Dina kwa nguvu. Katika riwaya wawili hao wanapendana. Je, mwandishi amemrudishia Dina heshima, au amelifuta jeraha lake? Wapo watakaosema kwamba dhuluma imepakwa rangi ya mapenzi. Wapo watakaojibu kwamba hata katika sura ya 34 ya Mwanzo zinasikika sauti za wanaume tu: Yakobo, Shekemu na baba yake Hamori, na Simeoni na Lawi, kaka zake Dina. Swali moja la namna hii, likitumwa siku chache kabla ya kikao, hufaa kuliko orodha ndefu ya kuuliza nani kampenda mhusika gani.

Kuhusu chombo, kundi la WhatsApp linawafaa wengi kwa sababu halili bando sana, na aliyekosa mtandao leo hujibu kesho. Uso kwa uso, hata kwenye skrini, una uhai wake. Lakini Zoom ya bure hukata kikao cha kikundi baada ya dakika 40, hivyo salamu ziwe fupi. Saa nazo zinahitaji uangalifu. Saa 2 usiku ya Dar es Salaam na Nairobi ni saa 1 Bujumbura na Lubumbashi, na ni saa 3 Muscat. Mwaliko uandike wazi kwamba hizo ni saa za Afrika Mashariki. Nakala za kitabu zinunuliwe au ziazimwe maktaba: kusambaza faili lake kundini ni kumnyang'anya mwandishi haki yake.

Kazi ngumu ni kuulinda mjadala usigeuke mashindano ya imani. Kikundi kinaweza kuwa na Mkatoliki, Mlokole, Mwislamu na asiye na dini. Mpaka unaosaidia ni kujadili kile mwandishi alichokifanya na kisa, badala ya kupima uchaji wa msomaji. Tofauti za dini zenyewe ni utajiri. Kikisomwa Joseph and His Brothers cha Thomas Mann, kilichotoka kwa juzuu 4 kati ya 1933 na 1943, Mwislamu anayeijua Sura ya 12 ya Kurani ana mengi ya kuwaeleza wenzake kuhusu Yusuf.

Wanaotaka kusoma kwa Kiswahili wanayo Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o, tafsiri ya mwaka 1982 ya riwaya aliyoiandika kwa Kikuyu. Humo mfano wa talanta unasimuliwa kwenye mashindano ya wezi na wanyang'anyi. Kikao chake kianze na Mathayo sura ya 25, kisha kiulize kwa nini Ngũgĩ aliutia mfano wa Yesu katika vinywa vya watu kama hao.