Kahawa ya Kikombe Kimoja: Tazama Gramu Kwanza

Kapsuli ya K-Cup, ile ya plastiki inayofanana na kikopo kidogo cha mtindi, inakatika kirahisi kwa mkasi wa jikoni. Ukibandua mfuniko wake wa karatasi ya alumini, unakuta chujio la karatasi lenye mikunjo, limegandishwa ukingoni, nalo limejaa kahawa kavu iliyosagwa. Chini ya chujio pana nafasi tupu. Hapo ndipo sindano ya chini ya mashine inapotoboa plastiki bila kuchana karatasi, huku sindano ya juu ikiingiza maji ya moto. Kwa dakika moja hivi kahawa imeshashuka kikombeni, kapsuli imetupwa, na hakuna sufuria ya kuosha. Lakini ile uliyoikata, kabla ya kuitupa, mwaga kahawa yake kavu juu ya mizani: gramu 9, au 10, pengine 12.

Namba hiyo ndiyo mnunuzi anayopaswa kuitafuta, na ndiyo isiyoandikwa kwa herufi kubwa. Boksi litakuonyesha mlima, jua la asubuhi, au neno linaloahidi ukali. Uzito umeandikwa pembeni kwa herufi ndogo, tena kwa jumla. Ni lazima uugawe kwa idadi ya kapsuli zilizomo. Hesabu hiyo haichukui hata nusu dakika, na inaeleza mambo mengi ambayo kwayo watu huilaumu kampuni, mashine au hata maji ya bomba.

Wataalamu wa kahawa ya kuchuja hukadiria gramu 55 hivi za kahawa kwa lita moja ya maji. Mashine za Keurig, zinazotumia hizo K-Cup na zilizoenea sana Marekani, humpa mtu vitufe vya wakia 6, 8, 10 na hata 12. Kapsuli ya gramu 10 ikipitishiwa wakia 6, yaani mililita 177, inatoa uwiano wa gramu 56 kwa lita: kahawa iliyokolea vizuri. Kapsuli hiyohiyo kwa kitufe cha wakia 10 inashuka hadi gramu 34 kwa lita. Hayo ni maji ya rangi ya kahawa. Mnywaji anaonja, anakunja uso, kisha anasema aina hii haifai, na kesho anakwenda kununua nyingine. Wengi wanaojaribu boksi baada ya boksi bila kuridhika wangeridhika na lile la kwanza kama wangebonyeza kitufe kidogo.

Kapsuli za Nespresso, zile ndogo za alumini, zina tabia nyingine. Ndani mna gramu 5 hadi 6 tu, lakini maji yanasukumwa kwa shinikizo kubwa, na kipimo cha kawaida cha espresso ni mililita 40. Mtu aliyekulia Lamu, Mombasa au Unguja haoni kitu kigeni hapo. Muuza kahawa anayepita na dele lake juu ya makaa huuza vijikombe vya ukubwa huohuo, kahawa chungu ya kunywewa kwa kashata, na hakuna anayemwomba amjazie bilauri.

Nyumbani ndiko watu wanakokosea. Anayetaka kikombe kikubwa hubonyeza kitufe cha mililita 110 juu ya kapsuli iliyotengenezewa 40. Maji ya kwanza kupita kwenye kahawa huchukua harufu, uchachu na utamu. Yanayofuata hukuta vimebaki vitu vichungu vyenye ladha ya ukuni. Kwa hiyo kikombe kinakuwa chepesi na kichungu kwa pamoja, ubaya wa pande zote mbili. Dawa yake ni kutoa mililita 40, kusimamisha mashine, kisha kuongeza maji ya moto kutoka kwenye birika. Tofauti inaonekana kwenye funda la kwanza.

Aina ya tatu ni vifuko vya karatasi. Senseo, iliyoingia sokoni Uholanzi mwaka 2001 kwa ushirikiano wa Philips na Douwe Egberts, hutumia kifuko cha mviringo chenye gramu 7 kwa kikombe cha mililita 125. Piga hesabu: gramu 56 kwa lita, palepale wanapopendekeza wataalamu. Waitaliano nao wana kifuko cha milimita 44, maarufu kwa herufi ESE, kilichoasisiwa na kampuni ya illy. Sifa yake kubwa ni uwazi: wakaangaji wengi wanakitengeneza na mashine za kampuni nyingi zinakipokea.

Jinsi kapsuli ilivyozaliwa ni kisa cha mtu aliyetazama kwa makini. Eric Favre, mhandisi wa Nestlé mwenye mke Mwitaliano, alikwenda Roma mwaka 1975 kutafuta siri ya espresso nzuri. Karibu na hekalu la kale la Pantheon aliona mkahawa wa Sant'Eustachio umejaa watu kuliko majirani zake. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aligundua kwamba mhudumu pale hakuvuta mkono wa mashine mara moja kama wengine, bali mara kadhaa, na kila alipovuta hewa iliingia pamoja na maji. Favre aliondoka na wazo la kuifungia kahawa ndani ya chombo kidogo ambamo maji na hewa vitaingia kwa nguvu. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ilifuata mwaka 1976. Nespresso yenyewe, chapa ya Nestlé, ilizinduliwa mwaka 1986, ikaanza kwa kusuasua maofisini, hadi kiongozi wake Jean-Paul Gaillard alipoielekeza majumbani.

Upande wa pili wa Atlantiki, John Sylvan na mwenzake Peter Dragone walianzisha Keurig mjini Boston na viunga vyake wakiwa na nia ya kuwaokoa wafanyakazi wa ofisini na kahawa iliyokaa jikoni tangu asubuhi. Sylvan alizijaribu kapsuli zake mwenyewe, akifika vikombe 30 hadi 40 kwa siku, mpaka akaishia hospitali kwa kuzidiwa na kafeini. Anayepanga kulinganisha aina mbalimbali akikumbuke kisa hicho. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inasema mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 za kafeini kwa siku, na K-Cup moja inaweza kuwa na zaidi ya 100. Aina tatu kwa kikao kimoja zinatosha, na si lazima kumeza kila funda.

Kuonja nako kuna utaratibu. Pitisha kwanza maji matupu bila kapsuli, ili mashine na kikombe vipate moto. Tumia maji yaleyale na kipimo kilekile kwa aina zote. Onja bila sukari na bila maziwa, mara moja ikiwa moto na mara ya pili baada ya dakika tano, kwa sababu kahawa mbaya hujificha kwenye joto. Na usiidanganye akili yako kwa zile namba za ukali zilizochapwa kwenye boksi. Hazipimi kafeini. Zinaeleza zaidi jinsi buni ilivyokaangwa, uchungu wake na uzito wake mdomoni. Kafeini inategemea zaidi aina ya buni: robusta, kama ile ya Bukoba na ya sehemu kubwa ya Uganda, ina karibu mara mbili ya ile iliyomo kwenye arabika ya Kilimanjaro.

Gharama ni jambo la kukaa nalo kabla ya kununua mashine. Kapsuli ya gramu 5 ikiuzwa kwa senti 80 za dola, maana yake kilo moja ya kahawa hiyo imekufikia kwa dola 160. Mashine huuzwa kwa bei ya kuvutia, na mnunuzi analipia kapsuli kwa miaka. Ndiyo maana kampuni hupigania sana nani aruhusiwe kuzitengeneza. Hataza kuu za Nespresso zilipoisha, karibu mwaka 2012, maduka ya Ulaya yalijaa kapsuli za wakaangaji wengine kwa bei nafuu. Mwaka 2014 ikaja mashine mpya ya kampuni hiyo, Vertuo, inayosoma alama kwenye ukingo wa kapsuli na kuizungusha hadi mara 7,000 kwa dakika. Mwaka huohuo Keurig ilitoa mashine iliyokataa kapsuli zisizo na alama yake. Wateja walikasirika; wengine walikata mfuniko wa kapsuli halali na kuubandika juu ya ile iliyokataliwa, na mashine ikakubali. Mwaka 2015 kampuni ilikiri kosa na kukirudisha kikapu kidogo cha kujazwa kahawa yako mwenyewe.

Kikapu hicho kinastahili sifa zaidi ya kapsuli nyingi za dukani. Mtu wa Minneapolis au Muscat aliyeletewa na shangazi yake pakiti ya kahawa kutoka Moshi anaweza kuitumia kwenye mashine ileile, mradi iwe imesagwa kiasi: ikiwa laini kama unga maji yanakwama, ikiwa na chenga kubwa yanapita bila kuchukua kitu. Na asiyetaka mashine kabisa, au anayeishi penye umeme wa kubahatisha, ana mkebe wa Africafe unaotoka Bukoba, au vile vifuko vya karatasi vilivyoenea kutoka Japani, vinavyotundikwa kwenye mdomo wa kikombe na kumiminiwa maji ya birika.

Takataka ni lawama ya haki. Jiji la Hamburg, Ujerumani, lilipiga marufuku mwaka 2016 kununua kapsuli kwa fedha za umma. Sylvan mwenyewe amesema kuna nyakati anajuta kuvumbua kitu chake. Hata hivyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Québec huko Chicoutimi walionyesha mwaka 2023 jambo ambalo wengi hawakulitarajia: sehemu kubwa ya madhara ya kikombe kwa hali ya hewa inatoka shambani, na kwa kuwa kapsuli haipotezi kahawa wala maji, inaweza kuwa na nafuu kuliko jagi la kuchuja ambalo nusu yake humwagwa. Nafuu hiyo haiondoi ganda lenyewe. La alumini linaweza kuyeyushwa tena na tena likishakung'utwa masalia yake, ambayo yanafaa kwenye mbolea ya bustani. La plastiki na karatasi iliyogandishwa ni kazi ngumu kulitenganisha.

Katika masanduku haya yote ya majina ya Kiitaliano na Kifaransa, mwaka 2021 lilitokea moja ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulielewa: Kahawa ya Congo. Nespresso iliitoa mwaka mmoja baada ya Amaha awe Uganda, arabika ya milima ya Rwenzori. Buni yake inatoka Kivu, pamoja na kisiwa cha Idjwi katikati ya Ziwa Kivu. Vita vilipovunja biashara ya kahawa mashariki mwa Kongo, wakulima wa huko hawakuwa na mnunuzi wala mahali pa kuoshea buni. Wengi waliipakia kwenye mitumbwi wakaivusha kwa siri hadi Rwanda kuibadilisha kwa bidhaa, na baadhi yao walizama na mizigo yao. Miaka ya karibuni ushirika na vituo vya kuoshea buni vimerudisha sehemu ya biashara hiyo nchi kavu.

Kapsuli hiyo ijaribiwe kwa kipimo cha mililita 40, kwanza bila sukari. Uchachu wake wa matunda hupotea haraka ukizidisha maji. Ndani yake mna punje kama arobaini za kahawa iliyokaangwa na kusagwa. Kwa kawaida tunda la mkahawa hubeba punje mbili, kwa hiyo ni matunda mekundu kama ishirini, yaliyochumwa moja moja kwa mkono kwenye mteremko unaotazama ziwa.